Kucha Moja ya Shaba

Wanangu wanauliza kazi yangu nini.
Nawaambia: nasikiliza.

Kibanda cha pampu, Limbani, juu ya Wete.
Ndani mota, mita ya umeme, pipa la dawa,
na vali yenye usukani mwekundu
ambayo marehemu Mbwana Faki alinikabidhi
kwa onyo moja:
"Mize, hiyo usiiguse.
Imefungwa mizunguko tisa. Niliikuta hivyo. Ikae hivyo."

Ikakaa.
Miaka saba nikaisikia ikikoroma
kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja.
Ukiishika, mtetemo unakufika kiwikoni.
Na mita inakimbia,
haijali maji yamepita au yamekwama.
Kwa mita, mla ni mla leo.

Bili ikija, ofisini wanaipokea kama taarifa ya msiba:
kimya kwanza, mahesabu baadaye.
Halafu zinakatwa saa za maji,
na ndoo zinalala foleni mferejini.

Nikaanza kuandika. Si kwa akili, kwa hasira.
Daftari la skuli la mwanangu, lililobakia kurasa:
yuniti za asubuhi, yuniti za jioni,
kimo cha tangi kwa kamba yenye mafundo.
Mwezi wa tatu daftari likanijibu.
Usiku wa manane, hakuna anayeoga, hakuna anayefua,
na tangi linashuka fundo moja na nusu.

Kuvuja kwa pakacha, walisema, nafuu ya mchukuzi.
Lakini mchukuzi wetu mota,
na mota haijui nafuu:
kilichomwagika inakipandisha upya,
na bili inapanda nacho.

Nikalifuata bomba kwa miguu.
Kiangazi, majani yote rangi ya chai kavu,
ila kikonde cha Bi Chumu, chini ya Bopwe,
magimbi yanacheka, majani mapana kama masinia.
Nikapiga magoti. Udongo unanuka klorini.
"Hiyo baraka, mwanangu," akasema.
"Hiyo yuniti," nikamwambia.
Hakuniitikia salamu hadi mfungo sita.

Akaja fundi, Ussi Khatibu, kijana,
miwani yake imefungwa uzi.
Daftari akalisoma lote, kasimama,
kama anayesoma barua ya posa.
"Pampu hii ilinunuliwa kwa kilima kirefu kuliko hiki.
Mnakanyaga mafuta na breki pamoja,
miaka yote hiyo."

Akaifungua. Akatoa impela,
kijipangaboi cha shaba kinachosukuma maji,
akaipeleka Chake ikerezwe.
Ikapunguzwa pembeni
upana wa kucha ya kidole gumba.
Kucha tu.
Vumbi lake akaniletea kwenye karatasi ya halua.
Nnalo hadi leo.

"Haya, shika usukani."
Mikono ikagoma. Onyo la maiti zito.
Moja. Kutu ikadondoka.
Mbili, tatu. Sikuhesabu tena kwa sauti.
Wa tisa, mkoromo ukakatika,
na kwa kimya kile nikadhani nimeharibu.

Ussi alikuwa ameinamia mita.
Ilikuwa inakwenda kama mtu anayetoka msikitini,
hana haraka, anajua nyumba haihami.
Palipoliwa yuniti kumi, zikaliwa sita na kidogo.
Dawa nayo ikapata mwendo wake:
maji hayaji tena kwa kishindo na kukatika,
tone moja likatosha mahali pa mawili.

Bili ikaja. Ofisini kimya,
wakaihesabu mara mbili,
wakauliza kama mita imeharibika.

Jioni nikamtilia mama chai.
Miaka saba alisema chai ya bomba inanuka hospitali.
Nikamtazama anavyoinua kikombe.
"Unanitazamani?"
"Hapana kitu."
Akainywa hadi majani ya chini,
akauliza habari ya mchele.

Nikafungua daftari, chini ya yuniti za siku ile,
nikaandika: mama kanywa, hakusema.